Juu ya Kufunga Kazi

Katika nchi yetu hapana upungufu wa watu wajuao kuanza. Kazi inapoanza huja mgeni mkubwa, hukatwa utepe, hupandwa mti, huwekwa jiwe lenye maandishi, na ngoma hupigwa hata jioni. Tumehudhuria shughuli za namna hiyo nyingi, na mara nyingine sisi wenyewe ndio tuliowapanga watoto mistari tangu alfajiri, wakimngoja mgeni aliyefika saa nane. Lakini mtuulize tumehudhuria mara ngapi shughuli ya kufunga kazi, yaani siku ambayo watu walioifanya huketi mbele ya wenye mali, wakafungua vitabu vyao, wakasema: "Tulitumwa kufanya jambo hili, hiki kimefanyika, hiki hakikufanyika, hiki kimesalia, nasi tangu leo hatuna amri tena juu yake." Hizo twaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki.

Mahali pake tumezoea karamu. Mbuzi huchinjwa, wali hupikwa, hotuba husomwa, na kesho yake kila mtu hushika njia yake. Kitabu cha hesabu hubaki nyumbani kwa mweka hazina, chini ya kitanda, pamoja na mhuri. Mabati yaliyosalia hulala nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, na baada ya miaka miwili hapana awezaye kusema kwa yakini ni mali ya nani. Kazi kama hiyo haikumalizwa, imeachwa tu. Kumaliza na kuacha vyafanana sana machoni pa mtu apitaye njiani, maana katika yote mawili nyundo hunyamaza.

Twaandika haya kwa kuwa tulikuwa katika kamati iliyojenga vyumba vitatu vya madarasa na tangi la maji katika shule yetu, huku milimani, na kalamu ya kamati ilikuwa mkononi mwetu. Fedha zilitoka kwa wazazi, kwa halmashauri, na kwa vijana wetu walio mijini. Habari za ujenzi wenyewe hatutazieleza, kwa sababu kila msomaji aliyepata kubeba mchanga kutoka mtoni azijua. Mwezi wa Novemba bati la mwisho lilipigiliwa.

Sasa, katika hati tuliyoandikiana na fundi tangu mwanzo mlikuwa na neno moja lililoletwa na mzee wa kamati, mtu aliyewahi kufanya kazi miaka mingi katika ujenzi wa barabara. Neno lenyewe lilikuwa hili, kwamba sehemu moja ya kumi ya ujira wa fundi ishikwe mpaka masika ipite, ndipo apewe. Mzee huyo alisema mwezi wa Disemba kila paa ni zuri. Alitueleza kwamba katika kazi za majengo makubwa jambo hilo ni desturi, wala si dharau kwa fundi. Fundi alikubali, akatia sahihi.

Walakini kutia sahihi mwezi wa Machi, wakati mtu apewa fedha za kwanza, si sawa na kukumbushwa sahihi hiyo mwaka unaofuata, mfuko ukiwa mtupu. Krismasi ilipokaribia vijana wa mjini walirudi nyumbani, na watu walitaka tuifunge kazi siku hiyo hiyo, kwa shangwe, wote wakiwapo. Kamati ikakata shauri kwamba karamu na iwe, ya kushukuru, lakini kazi isifungwe. Wengine walinung'unika. Wakauliza ni kazi gani hii inayoliwa wali wake, halafu ikasemwa haijaisha?

Na mwezi wa Februari fundi akaja nyumbani kwetu jioni. Mkewe alikuwa amejifungua kwa taabu, na gharama zilikuwa zimemlemea. Hakugomba. Aliketi, akanywa chai, akasema, "Mwalimu, kazi yangu mwaiona kwa macho. Paa lipo, milango yafunga, watoto wamo ndani wanasoma. Mwangoja nini?"

Tulimwonyesha hati. Aliitazama kidogo akatikisa kichwa, kwa maana alikuwa hakuuliza habari za hati. Alikuwa akiuliza maana yake. Akaenda zake usiku ule bila jibu, nasi tukabaki tukijiuliza swali lile lile alilotuuliza. Kwa nini mtu mwema acheleweshewe haki yake kwa ajili ya mvua ambayo haijanyesha?

Ikawa katika majuma hayo twawafundisha watoto wa darasa la sita habari za maradhi ya kuambukiza, tukafika kwenye ndui. Watoto wa siku hizi hawaijui hata kwa jina. Tuliwaambia wakitaka kuona alama yake wawatazame wazee wao mikononi, maana wengi waliozaliwa kabla ya mwaka wa 1975 wana kovu la chanjo yake, na wengine, wachache sasa, wana mashimo ya ugonjwa wenyewe usoni. Tukawaambia kwamba ndui ndiyo maradhi ya pekee ya binadamu yaliyokwisha kabisa duniani kwa kazi ya watu. Hapo msichana mmoja wa kiti cha nyuma akainua mkono, akasema, "Mwalimu, walijuaje kwamba imekwisha? Labda yuko mtu mahali fulani ambaye hawakumwona."

Tulisimama na chaki mkononi. Mtoto yule alikuwa ameuliza swali la fundi kwa upande wa pili. Basi tuliwaeleza kama tutakavyowaeleza ninyi.

Shauri la kuiondoa ndui duniani lililetwa mwaka wa 1958 na Msovieti, Viktor Zhdanov, mbele ya mkutano wa Shirika la Afya Duniani. Kwa miaka kadha kazi ilienda polepole. Mwaka wa 1967 ikaanzwa upya kwa nguvu, chini ya Mmarekani, Donald Henderson, katika siku ambazo nchi za watu hao wawili hazikupatana karibu katika jambo lo lote jingine. Wakati huo ndui ilikuwa ikikaa katika nchi 31, na yakadiriwa kwamba kwa mwaka iliwashika watu milioni 10 mpaka 15, ikiua wapata milioni 2. Silaha za kazi zilikuwa mbili tatu tu. Palikuwa na dawa ya chanjo iliyokaushwa, isiyoharibika upesi katika joto, na sindano ndogo yenye ncha mbili, mfano wa uma, iliyoshika tone moja la dawa. Mchanjaji aliichoma mara 15 juu juu ya ngozi, na mtu asiye daktari aliweza kufundishwa ufundi huo kwa muda mfupi sana.

Tena palikuwa na akili ya kazi, iliyopatikana mashariki ya Nigeria mwishoni mwa mwaka wa 1966. Daktari William Foege, aliyekwenda huko kufanya kazi na misheni, alijikuta na dawa haba isiyotosha kuwachanja watu wote. Akaomba wamisionari waliokuwa na redio za kuongea waulizie katika vijiji vilivyo karibu nao ni wapi ndui imeonekana. Kisha dawa ile haba ikapelekwa huko tu, wakachanjwa watu waliomzunguka kila mgonjwa. Ugonjwa ukakosa pa kwenda. Tangu hapo kazi kubwa haikuwa kuchanja ulimwengu mzima. Ilikuwa kutafuta mgonjwa mmoja mmoja na kumzungushia ukuta wa watu waliochanjwa.

Mgonjwa wa mwisho wa ndui ile kali alikuwa mtoto wa kike wa Bangladesh, Rahima Banu, mwaka wa 1975, naye alipona. Ndui nyepesi ilibaki katika Pembe ya Afrika, ikitembea na wafugaji wahamaji. Mwezi wa Oktoba 1977, katika mji wa Merca, Somalia, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, alipanda gari lililochukua watoto wawili wagonjwa ili amwonyeshe dereva njia ya kwenda kambi ya karantini. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Siku kadha baadaye akapata homa, wakadhani ni malaria. Tarehe 26 vipele vikamtoka, wakadhani ni tetekuwanga. Ilipojulikana kuwa ni ndui, waliandikwa watu 161 waliokutana naye, nyumba za mji zikapekuliwa, njia zikawekwa walinzi, na katika majuma mawili wakachanjwa watu zaidi ya elfu 50. Maalin akapona, na hapana mtu mwingine aliyeugua kutoka kwake.

"Basi ikaisha," wakasema watoto.

Tukawaambia, hapana. Hapo ndipo ilipoanza kazi tuliyotaka kuwaeleza. Kama wangefanya kama tufanyavyo sisi, wangechinja mbuzi mwezi wa Desemba 1977 na kurudi makwao, na ulimwengu ungebaki na tumaini tu, pasipo yakini. Wao walikuwa wamejiwekea kanuni tangu zamani, kwamba nchi haihesabiwi kuwa safi mpaka ipite miaka miwili tangu mgonjwa wake wa mwisho, na katika miaka hiyo watu wawe wanatafuta kwa bidii. Kukaa kimya hakukuhesabiwa kuwa kungoja.

Kwa hiyo wakatafuta. Walitembea nyumba kwa nyumba na kambi kwa kambi katika Somalia na Ethiopia na kaskazini ya Kenya, wakishika kadi yenye picha ya mtoto mwenye ndui, wakiuliza sokoni, visimani na shuleni, "Mmeona mtu wa namna hii?" Mtu ye yote mwenye vipele vya kutilia shaka, walichukua magamba ya vipele vyake yakapelekwa ng'ambo kupimwa. Walitazama nyuso za watoto wadogo, kwa sababu mtoto aliyezaliwa baada ya siku iliyosemwa kuwa ya mwisho, akiwa na mashimo ya ndui usoni, angekuwa shahidi wa uongo wa vitabu. Mwaka wa 1978 Shirika likatangaza zawadi ya dola 1,000 kwa mtu atakayeleta habari ya mgonjwa wa kweli. Habari zikaja nyingi kutoka pande zote za dunia, zikafuatwa, nazo zikaonekana ni tetekuwanga, au surua, au upele mwingine.

Kisha ziliundwa tume za watu wasiokuwa katika kazi hiyo, waende nchi kwa nchi kuwahoji wale waliofanya. Jambo hili latupendeza kuliko yote. Waliotafuta hawakuachiwa kujishuhudia wenyewe. Tume ilichagua yenyewe mahali pa kwenda, ikauliza wanavijiji kama waliwahi kuwaona wapekuzi, kama waijua ile zawadi, kama wajua pa kupeleka habari. Wanakijiji wasipojua, maana yake hawakutafutiwa vizuri, hata vitabu viwe safi namna gani.

Hapa tuseme neno moja pembeni. Mwaka wa 1977 Henderson aliondoka kwenye kazi hiyo, na mahali pake akashika Isao Arita wa Japani. Watu walijue jina la Henderson, ni haki. Lakini miaka ya kutafuta kitu kisichoonekana, ambayo haina sifa wala picha nzuri za gazeti, ilipita mikononi mwa Arita. Twaona mara nyingi kwamba mtu afaaye kuanzisha kazi si lazima awe yule afaaye kuifunga, maana kufunga kwataka moyo wa namna nyingine, usiochoka kusikia jibu la "hapana" siku baada ya siku.

Ndipo tarehe 26 Oktoba 1979, mjini Nairobi, mkuu wa Shirika, Halfdan Mahler, akatangaza kwamba Pembe ya Afrika ni safi. Ilikuwa miaka miwili kamili tangu siku vipele vilipomtoka yule mpishi. Tarehe 9 Desemba mwaka huo, mjini Geneva, tume kubwa ya mwisho chini ya Frank Fenner wa Australia ikatia sahihi karatasi ya kushuhudia kwamba ndui imekwisha duniani, na tarehe 8 Mei 1980 mkutano wa nchi zote ukakubali na kutangaza. Gharama ya kazi nzima tangu 1967 ilikuwa yapata dola milioni 300, na sehemu mbili katika tatu zilitolewa na nchi zenyewe zilizokuwa na ugonjwa. Neno hilo halisemwi sana, nasi twapenda lisemwe.

Pamoja na cheti, tume ilitoa mashauri 19 ya mambo yanayopasa kufuatwa baada ya kufunga. Chanjo ikomeshwe, maana nayo ina madhara yake kwa wachache; ihifadhiwe akiba ya dawa ya kuwatosha watu milioni 200, isije mtu akadanganyika; habari za shaka ziendelee kufuatwa; na maandishi yote ya kazi yatunzwe. Mwaka wa 1988 kilitoka kitabu chao cha habari za kazi yote, chenye kurasa zaidi ya 1,400, nacho chaeleza mafanikio, na pia mahali ambapo hesabu za wagonjwa zilikuwa za uongo au za kubahatisha.

Msichana yule wa kiti cha nyuma aliridhika nusu. Akasema, "Lakini bado hawakuona kila mtu." Ni kweli. Tulimwambia hakuna awezaye kuona kila mtu. Awezalo mtu ni kutafuta mpaka iwe kwamba, kama kingekuwako, angalipata. Naye akaandika maneno hayo katika daftari lake, ingawa hatukuyasema ili yaandikwe.

Usiku ule tukaona kwamba tumepata jibu la fundi. Tulikuwa tukingoja mvua ili tutafute uvujaji, na tulikuwa tukitumaini kwa moyo wote tusiupate. Kazi ya kufunga ni ya ajabu kwa namna hiyo, kwa kuwa matunda yake mazuri kabisa ni kutokupata kitu. Kwa hiyo machoni pa watu yafanana na uvivu, au ukaidi, au ubahili. Tulimweleza fundi kesho yake kama tulivyoweza. Alisikiliza kwa adabu. Akasema, "Nimefahamu, Mwalimu. Lakini ninyi mkingoja mwalala mmeshiba." Hatukuwa na la kumjibu, wala hatuna hata leo. Kamati ilikubali kumkopesha kidogo katika mifuko yao wenyewe, si katika fedha za kazi, akapokea.

Pengine msomaji atasema kwamba mfano wa ndui ni wa kazi iliyofaulu, na kufunga kazi iliyofaulu ni rahisi. Basi na tutazame Kongwa, katika nchi yetu wenyewe. Mwaka wa 1947 Waingereza walianza huko mradi wa karanga, baada ya vita, walipokuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Walikusudia kulima zaidi ya eka milioni 3, nyingi zake katika Tanganyika. Walileta matrekta mengi, na mengine yalitengenezwa kutoka vifaru vya vita. Lakini mvua za Kongwa ni haba, na udongo wake wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama saruji. Karanga ziko chini, jembe haliingii. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya London ikatangaza kwamba makusudi yale makubwa yameachwa, na hasara yake, yapata pauni milioni 36, ikafutwa katika vitabu.

Watu wengi huusimulia mradi ule kwa kicheko, na kicheko chastahili. Lakini sisi twaona jambo moja ndani yake ambalo si la kuchekwa. Siku moja walisimama hadharani wakasema, "Hii ni hasara, kiasi chake ni hiki, twaacha." Laiti wangalisema miaka miwili mapema! Maana kazi iliyoshindwa na isiyofungwa huendelea kula, kama ng'ombe mgonjwa ambaye hapana mtu anayethubutu kusema hatapona. Na katika kufunga ndipo ilipojulikana kipi kisitupwe pamoja na kilichoharibika. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga zile, yafanya kazi mpaka leo, ingawa reli iliyotoka huko kwenda Nachingwea ilifungwa mwaka wa 1962.

Turudi kwetu. Masika ilianza katikati ya Machi, nayo mwaka ule ilikuja kwa nguvu. Kila mvua kubwa iliponyesha, mchana au usiku, watu wawili wa kamati walikwenda shuleni, wakaingia chumba kwa chumba na taa, wakapitisha mikono juu ya kuta na kuzitazama pembe za dari. Siku moja tulikwenda wenyewe saa tisa ya usiku. Bati zilikuwa zikilia hata hatukusikilizana. Ukuta ulikuwa mkavu. Tangi lilijaa siku ya tisa, likamwaga kwa juu kupitia bomba lake, wala hapakuonekana unyevu nje ya ukuta wake. Tuliandika kila ziara katika kitabu, siku na saa na jina la mtu, na mbele ya kila moja neno lile lile: hapana uvujaji. Neno hilo limeandikwa mara 23.

Watu walicheka, kama mlivyodhani. Walisema tumemfungia maskini fedha yake miezi sita kwa ajili ya kutafuta maji yasiyokuwako. Fundi mwenyewe hakucheka. Mkutano wa mwezi wa Juni ulipokuja, alilipwa yote yaliyobaki mbele ya watu, nasi tukamwandikia karatasi ya kushuhudia kwamba paa na tangi vimepita masika nzima bila kosa, ikatiwa mhuri. Karatasi hiyo ameionyesha mahali pawili tangu hapo akapata kazi, maana watu wa huko waliuliza ilikuwaje tukajua, na jibu lilikuwamo. Walakini salamu zake kwetu ni fupi mpaka leo, nasi hatumlaumu.

Mkutano wenyewe ulikuwa mrefu. Hesabu zilisomwa zote, risiti moja moja, na waliosinzia waliamshwa. Tulitaja vilivyosalia, navyo ni mabati 11, toroli moja lisilo na gurudumu, misumari, na mifuko miwili ya saruji iliyoganda kuwa jiwe. Saruji hiyo ilileta maneno makali, kwa kuwa kila mtu aliyechangia aliona ni mchango wake hasa ulioganda. Mweka hazina aliyasikiliza yote amesimama. Halafu akainuka Bibi mmoja mjane, ambaye hakuzoea kusema barazani, akauliza, "Na mawe yangu?"

Kukawa kimya. Mawe ya msingi yalitoka katika shamba lake; aliyatoa mwaka wa kwanza, vijana wakaja wakayabeba, na kwa kuwa hayakuwa fedha hapana aliyeyaandika. Bibi alisema hataki malipo. Alitaka yaandikwe. Basi kabla ya hesabu kufungwa yaliandikwa, marundo manane, kwa jina lake, na mwenyekiti akamsomea kwa sauti. Ingekuwa tulifunga siku ya karamu, angekula wali wake akaenda nyumbani na mawe yake moyoni.

Jambo gumu kuliko fedha lilikuwa la mwisho, yaani kuvua madaraka. Mzee wetu mwenyekiti alikuwa mwenyekiti kwa zaidi ya miaka miwili, naye aliizoea heshima hiyo, kama ambavyo ye yote angeizoea. Alipotoa mhuri na funguo kumpa mwalimu mkuu, aliushika mhuri ule kidogo zaidi ya ilivyohitajiwa. Twadhani kazi nyingi hazifungwi kwa sababu hiyo tu, kwamba siku kazi ifungwapo watu kadha hurudi kuwa watu wa kawaida. Huku kwetu bado aitwa Mwenyekiti njiani, naye huitika. Hilo si dhambi.

Tulipofika mwisho wa kitabu palikuwa na jambo moja tusiloweza kulifunga. Mpaka wa kiwanja nyuma ya tangi wagombewa na ukoo jirani, hatua sita hivi za udongo, na wazee wa pande mbili walikuwa hawajapatana. Wengine walisema lisiandikwe, lisije likaharibu siku. Hapo tuliwakumbuka tena watu wa ndui. Wao nao walikuwa na la kwao. Mwaka wa 1978, ugonjwa ukiwa umekwisha toweka duniani, mwanamke mpiga picha katika chuo kikuu cha Birmingham, Uingereza, aliambukizwa ndui iliyotoka katika maabara, akafa. Ndipo maabara zilizohifadhi ndui zikahimizwa kuiharibu au kuitoa, hata ikabaki mahali pawili tu, Marekani na Urusi. Tarehe ya kuiteketeza hiyo iliyobaki iliwekwa mwisho wa mwaka wa 1993, ikasogezwa, ikasogezwa tena, na hata leo vichupa hivyo vipo. Mwaka wa 2014, katika chumba baridi karibu na mji wa Washington, vilionekana vingine sita vyenye ndui, vilivyosahauliwa tangu miaka ya 1950, ambavyo havikuandikwa katika hesabu ya mtu ye yote. Viwili hivi ni tofauti sana. Vile vya kwanza vina ubishi, lakini kila mwaka vyatajwa kwa jina. Vya pili havikuwa na ubishi wo wote, kwa kuwa hapana aliyejua viko.

Kwa hiyo tuliandika. Katika ukurasa wa mwisho, chini ya hesabu na juu ya sahihi, pana kichwa kisemacho "Yasiyofungwa", na chini yake jambo moja: mpaka wa nyuma ya tangi, hatua sita, pande zote mbili zimeitwa, shauri halijakatwa. Wazee wa ukoo ule nao walitia sahihi hapo, si kwa kukubali mpaka, bali kwa kukubali kwamba ugomvi upo. Kitabu kikawekwa katika kabati la shule. Mwaka uliofuata, kamati mpya ya choo cha wasichana ilipotaka kuchimba upande ule, walikiomba, wakafungua ukurasa huo kwanza, wakachimba upande wa pili.